Google ni dalali tu, nyumba kagua mwenyewe

Mjini hapa siku hizi hakuna mjinga. Panda daladala, kaa kijiweni, ingia saluni, kila mtu ni profesa. Mmoja anajua dawa ya presha, mwingine anajua nani kamwacha nani, wa tatu anajua ajira zinatoka lini na nani anazigawa. Ukimuuliza, "Mwenzetu, hayo umeyapata wapi?" anachomoa simu mfukoni kama askari anayetoa kitambulisho. "Google imesema!" Basi, mjadala umefungwa, chai inaendelea.

Mimi na elimu yangu ya kidato cha nne nina neno moja tu kwenu, kaka na dada zangu. Google haijasema kitu. Google ni dalali.

Dalali wa vyumba mnamfahamu. Unamwambia unataka chumba Sinza, choo ndani, maji yasiyokatika, bei ya kizalendo. Anakupeleka. Chumba si chake, hajawahi kulala humo hata usiku mmoja, na kama mvua ikinyesha kinavuja, hilo halimhusu. Kazi yake ni kukufikisha mlangoni. Tena ana tabia ya kuanza na nyumba ambayo mwenyewe kamuahidi cha juu. Ukimweleza vibaya, anakupeleka kubaya. Akishakufikisha, kugonga ukuta na kufungua bomba ni kazi yako wewe unayelipa kodi.

Hiyo Google yenyewe ilianzishwa mwaka 1998 na vijana wawili waliokuwa wakisoma Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Larry Page na Sergey Brin. Ujanja waliotoka nao ulikuwa huu: kama kurasa nyingi zinakuelekeza kwenye ukurasa fulani, basi ule ukurasa umepigiwa kura. Na kura ya ukurasa wenye jina inahesabika zaidi kuliko ya ukurasa usiojulikana. Siku hizi wamechanganya na mambo mengine chungu nzima, mpaka mahali ulipo na lugha unayotumia. Lakini kiini ni kilekile, cha kwanza ni yule aliyeonekana anafaa kwa maneno uliyoandika. Kupendwa siyo kusema kweli. Kijiweni kwenu yupo mtu ambaye akifungua mdomo wote mnakaa kimya, na mnajua kabisa nusu ya anayosema ni chumvi. Halafu yale yanayokaa juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. Yana alama ndogo ya kuonyesha hivyo, lakini nani ana muda wa kusoma maandishi madogo?

Sasa tuanze na kuuliza, maana wengi wetu tunakosea hapo kabla hata dalali hajanyanyua mguu.

Kwanza, usimwandikie barua. Mtu anaandika, "Naomba kujua kwa nini bibi yangu usiku analalamika miguu inamuwaka moto." Chagua maneno ambayo mjuzi wa jambo hilo angeyatumia kuandika jibu: kisukari, miguu, ganzi, kuwaka moto. Manne yanatosha.

Pili, na hili ndilo kubwa, usiweke jibu ndani ya swali. Ukiandika "faida za mlonge kwa kisukari", umeshaagiza faida. Utaletewa faida tupu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka uone hospitali wanatuchezea. Madhara hukuyaagiza, kwa hiyo yatakaa nyuma. Andika "mlonge kisukari utafiti", halafu andika tena "mlonge madhara". Sikiliza mashahidi wa pande zote mbili, kama mzee wa baraza.

Tatu, kuna vialama. Ukiyafunga maneno yako ndani ya alama za kunukuu, zile zinazofungua na kufunga maneno ya mtu, unatafuta maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo. Ukiweka kistari cha kutoa kikigusana na neno, unalifukuza neno hilo. Mfano, wewe unataka kusoma habari za simba wa Serengeti, yule wa manyoya. Ukiandika "simba" peke yake, utamwagiwa mpira mpaka ukome. Andika simba -yanga -ligi, uone mnyama anavyojitokeza taratibu. Na ukitaka majibu ya ofisi za serikali yetu tu, mwisho wa maneno yako ongeza site:go.tz, bila kuacha nafasi katikati. Hapo wapiga debe wote wanabaki nje ya geti.

Nne, jaribu lugha mbili. Kiswahili chetu kitamu, lakini kwenye mambo ya kitaalamu kurasa nyingi bado ni za Kiingereza. Usione haya. Hata Kiingereza cha kuombea maji kinatosha kutafutia, mashine haicheki.

Najua kuna msomaji anasema moyoni, "Kijana unatuchosha, kutafuta tu mtandaoni nako ni somo?" Ngoja nikuhadithie kwa nini naliona somo.

Nina shangazi yangu, dada wa baba, anakaa Mbagala. Ana kisukari, mwaka wa tisa sasa anachoma sindano za insulini. Ni mama mcheshi, mpambanaji, anauza vitenge. Jumapili moja nimekwenda kumsalimia, nikamkuta amefurahi kupita kawaida. Kisa? Binti wa jirani kamtumia ukurasa wa intaneti unaouza dawa ya unga wa majani. Dozi ya siku 21, shilingi laki moja na themanini elfu, kisukari kwaheri. Na zamu yake ya upatu ilikuwa imeangukia wiki hiyo hiyo. Pesa ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga, inasubiri Jumatatu itumwe.

Pesa inatafutwa, msomaji. Kilichonitoa jasho ni mstari mmoja wa chini: "Ukianza dozi acha sindano, kwa sababu zinagongana."

Ukimnyima insulini mtu ambaye mwili wake unaitegemea, sukari inapanda, damu inachafuka, na anaweza kupoteza maisha ndani ya siku chache. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Frederick Banting na Charles Best. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kile kisukari cha kutokuwa na insulini kabisa, wazazi walikuwa wanasubiri msiba.

Lakini huwezi kumwambia mtu mzima "Shangazi, unadanganywa" ukategemea akuelewe. Nilijaribu kwa upole.

"Shangazi, hii habari umeisoma yote?"

"Nimesomewa, mwanangu. Na kuna daktari hapo, mtazame na koti lake. Tena wazungu wenyewe wamekubali, wamefanya utafiti Uingereza, nusu ya watu wamepona. Au mtoto wa mwenzangu kaniongopea?"

"Hajakuongopea. Na yeye kaletewa tu."

"Mimi nimechoka, baba. Huu mwili umekuwa kama kitambaa cha fundi cherehani."

Hapo nilikosa la kujibu. Nikamwomba ruhusa ya kuikagua ile nyumba kabla hajalipa kodi. Akacheka, akasema, "Kagua."

Nikaanza na daktari. Nikaichukua picha yake nikaitafuta kama picha, maana Google inakuruhusu kuuliza kwa picha badala ya maneno. Bwana wee! Daktari yule yule, koti lile lile, tabasamu lile lile, anauza vitu kwenye nchi tatu tofauti kwa majina matatu tofauti. Ilikuwa picha ya kununua, ile ya mtu wa kupozi.

Nikaenda kwa mashahidi. Kulikuwa na maneno ya mama mmoja anayesema alikata tamaa mpaka alipotumia dozi hii. Nikachukua sentensi yake moja, nikaifunga kwenye alama za kunukuu, nikatafuta. Ikatokea kwenye kurasa nyingine, neno kwa neno. Kwenye mmoja amepona kisukari, kwenye mwingine ni mwanaume sasa na amepata nguvu za kiume, kwenye wa tatu nywele zimeota upya kichwani. Shangazi alicheka mpaka akapangusa machozi kwa kanga. Lakini bado alikuwa na karata yake. "Haya, na huo utafiti wa Uingereza?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu utafiti ni wa kweli. Na hii ndiyo kasheshe ya intaneti, mpenzi msomaji. Uongo mtupu haufiki mbali. Unaofika mbali ni uongo uliopanda mgongoni mwa ukweli.

Nikaandika kwa Kiingereza maneno ya kisukari, utafiti, Uingereza, kupona. Ukaja. Unaitwa DiRECT, ulitolewa Desemba 2017 kwenye The Lancet, moja ya majarida makubwa ya udaktari duniani. Wataalamu walichukua watu wenye kisukari cha aina ya pili, ambao hawajazidi miaka sita tangu wagundulike. Wakawawekea chakula cha kupunguza uzito, vinywaji na supu maalum zenye nguvu ya kama kalori 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, wakifuatiliwa kliniki. Baada ya mwaka mmoja, watu 68 kati ya 149 sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Asilimia 46. Kwa hiyo "karibu nusu" siyo uongo.

Ila unga wa majani haumo, hata kijiko. Na wagonjwa wanaotumia insulini hawakuchukuliwa kwenye utafiti ule tangu mwanzo. Yaani watu kama shangazi yangu ndio hasa ambao wale wazungu hawakuwagusa.

Nikamsomea polepole, nikimfasiria. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo wamechukua utafiti wa watu wengine, wakaniuzia mimi." Sijawahi kusikia mtu akieleza utapeli wa mtandaoni vizuri kuliko hivyo, na shangazi yangu ameishia darasa la saba.

Kesho yake alikwenda kliniki na simu yake. Muuguzi akamwambia sindano asiache, ila habari ya chakula na uzito waizungumze na daktari, maana hiyo ina faida hata kwake. Pesa ya upatu ilinunua kimashine cha kupimia sukari nyumbani, iliyobaki ikaingia kwenye vitenge.

Msinielewe vibaya, sidharau mitishamba. Nimekunywa mwarobaini utotoni mpaka nikauchukia. Lakini nchi hii hata tiba asili zina baraza lake chini ya Wizara ya Afya, na dawa za hospitali zina mamlaka yake, TMDA. Anayeuza kihalali anaweza kukuonyesha usajili wake, na wewe unaweza kuuliza kama ni wa kweli. Asiyetaka kuulizwa, jibu unalo.

Sasa tazama nilichofanya pale Mbagala. Ule ukurasa wenyewe sikukaa nao sana. Niliutoka. Niliacha kuuuliza wenyewe kama ni mkweli, nikaenda kuuliza kwa majirani zake. Na siyo ujanja wangu mimi. Kwenye utafiti uliotolewa mwaka 2017, watafiti wawili wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapa mtihani wa kupima tovuti watu 45: wanahistoria 10 wenye PhD, wakaguzi wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hichohicho. Wenye PhD na wanafunzi wengi walikaa kwenye ukurasa wakiusoma kwa makini, wakivutiwa na nembo, majina mazito na mpangilio mzuri. Wakaguzi waliutupia jicho, wakatoka, wakafungua kurasa nyingine kuuliza, "Huyu ni nani na nani anamlipa?" Walimaliza haraka zaidi, na majibu yao yalikuwa sahihi zaidi.

Moja ya mitihani ilikuwa vyama viwili vya madaktari wa watoto vya Marekani vyenye majina yanayokaribiana. Kimoja kipo tangu 1930 na wanachama wake ni makumi ya maelfu. Kingine ni kikundi kidogo kilichoanzishwa mwaka 2002. Kwa kutazama kurasa zao tu, vyote vimevaa tai. Ukitoka nje ukauliza majirani, dakika moja unajua nani mkubwa na nani kajipachika.

Nilipousoma utafiti ule nilijisikia vizuri, sitaficha. Sisi tuliopata divisheni za mwisho tumeaminishwa kwamba kujua ukweli ni kazi ya wenye digrii. Kumbe mwenye PhD naye akikaa sebuleni kwa tapeli akasifia makochi, anaibiwa kama mimi na wewe. Kinachotakiwa ni kutoka nje na kuuliza.

Nikupe na mengine ya haraka haraka.

Anwani isome kuanzia nyuma. Jina la ofisi ya serikali yetu linaishia na go.tz, la chuo linaishia na ac.tz. Linaishia, siyo linayo. Matapeli wa ajira wanaweka "go" na "tz" katikati kwa vistari, halafu mwisho wanamalizia na "com", ambayo mtu yeyote mwenye senti zake ananunua. Halafu wanakuambia utume elfu ishirini ya fomu. Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hakulipiwi, na tovuti yake inaishia na ajira.go.tz. Nenda huko mwenyewe kwa miguu yako, usipelekwe na linki ya kwenye kundi.

Tazama tarehe. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa kwenye orodha ya magonjwa yaliyosemwa kinatibu. Mchungaji alifariki mwaka 2021. Lakini habari za kukisifia kikombe za mwaka ule bado zinaelea mtandaoni, na intaneti haizeeki usoni. Habari ya 2011 inaweza kukukodolea macho kama ya jana. Ukitaka mpya tu, ongeza after: ukifuatisha na mwaka unaoutaka.

Na hii akili bandia nayo. Siku hizi ukitafuta unapewa jibu limeshapikwa, limepakuliwa, juu kabisa ya ukurasa, huna hata haja ya kubofya. Tamu kweli. Lakini Mei 2024, Google ilipowaletea Wamarekani majibu ya namna hiyo, mtu aliyeuliza jinsi ya kufanya jibini lishike kwenye pizza aliambiwa aongeze gundi. Gundi, msomaji! Jibu lilitokana na utani wa mtu aliouandika mtandaoni miaka mingi nyuma. Mashine haikujua utani ni nini. Kwa hiyo lile jibu la juu lichukulie kama dalali aliyejifunza kuzungumza vizuri. Chini yake kuna linki za alikolitoa. Fungua angalau mbili, uone kama kweli zinasema hivyo.

Wikipedia je? Wengine wanaiponda kwa sababu yeyote anaweza kuandika. Kweli anaweza. Lakini makala yake nzuri zina vyanzo chini kabisa, na hivyo vyanzo ndivyo dhahabu. Anza hapo, usilale hapo.

Najua bando ni ghali na muda ni mfupi. Sikuambii ukague kila kitu. Kama unatafuta umri wa msanii au mtindo wa kusuka, chukua la kwanza ukaendelee na maisha, ukikosea utachekwa tu. Lakini linapofika jambo la afya, pesa, kazi au jina la mtu, lipe dakika kumi. Jiulize ni nani anasema, anapata nini nikimwamini, na wengine wasio ndugu zake wanasemaje. Dakika kumi ni bando dogo kuliko laki na themanini.

Na ukimkuta mzazi au jirani ameshikilia uongo wa mtandaoni, usimcheke. Kaa naye, mkague pamoja, simu moja macho mawili mawili. Mtu aliyeugundua ukweli kwa jicho lake mwenyewe hahitaji kubishiwa.

Kwa leo naishia hapa. Chukua habari moja iliyokufurahisha sana wiki hii, ile unayotamani iwe kweli, uitafute upande wa pili. Hiyo ndiyo inayohitaji kukaguliwa kwanza. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.